Upele Humwota Asiye na Kucha

Wahenga walisema upele humwota asiye na kucha. Kwa kawaida huisema methali hii tukimwona mtu aliyepata bahati asiyojua kuitumia, na tukacheka. Leo naomba tuisome kama ilivyo, neno kwa neno na bila kicheko: maradhi huwafika wale wasio na nyenzo za kuyakabili. Ikisomwa hivyo, methali hii inaeleza uchumi wa siasa kwa ufasaha kuliko insha nyingi ninazozisahihisha kila mwisho wa muhula.

Nilipokuwa kidato cha pili, katika shule ya bweni ambayo sitaitaja, mwalimu wa zamu alitupanga mstari asubuhi moja na kutuamuru tunyooshe mikono. Alipita akikagua katikati ya vidole. Waliokutwa na vipele, kumi na mmoja kwa hesabu yangu, walitolewa mbele na kuambiwa mbele ya shule nzima kwamba ni wachafu na kwamba wazazi wao hawakuwafundisha kuoga. Walipelekwa kwenye bomba la nyuma ya jiko, wakasuguliwa kwa brashi ya kufulia na sabuni ya mche, wakapakwa dawa nyeupe yenye harufu kali, kisha wakahamishiwa chumba cha pembeni. Sisi wengine tulirudi darasani tukijivunia kimyakimya usafi wetu. Haukupita mwezi, bweni zima lilikuwa likijikuna usiku kucha, nami nikiwemo. Mstari ukapangwa tena, matusi yakarudiwa, brashi ikatolewa tena.

Ilinichukua miaka mingi kuelewa kwamba asubuhi ile aliyefeli mtihani hakuwa yeyote kati ya wale kumi na mmoja. Aliyefeli ni taasisi. Na kwa kuwa taasisi zetu nyingi zingali zikifeli mtihani uleule, naandika.

Upele huletwa na mdudu wa jamii ya utitiri, mdogo kiasi kwamba ni vigumu kumwona kwa macho. Jike huchimba kijihandaki katika tabaka la juu la ngozi na kutaga mayai humo. Mwasho tunaousikia ni mwili unavyompinga mdudu, mayai yake na uchafu wake. Mtu anayeambukizwa kwa mara ya kwanza anaweza kukaa wiki nne hata sita bila kuhisi lolote, na katika muda huo wote anaweza kuwaambukiza wenzake. Turudi sasa kwenye mstari wetu. Mwalimu aliwatibu wenye vipele na kuwaacha wasio navyo, ilhali miongoni mwa tulioachwa walikuwemo tayari waliobeba mdudu bila kujua. Tiba ya namna ile haiwezi kufaulu hata kama dawa ingekuwa bora kuliko zote duniani.

Tena mdudu huyu hashindwi kwa maji na sabuni. Huhama kutoka ngozi hadi ngozi pale watu wanapogusana kwa muda: wanapolala kitanda kimoja, mama anapombeba mwanawe, watoto wanapobanana darasani. Mtu anayeoga mara tatu kwa siku humpata sawasawa na asiyeoga, mradi tu alale ubavuni mwa aliye naye. Kinachomnenepesha mdudu huyu ni msongamano. Ndiyo maana utamkuta katika mabweni yaliyojengwa kwa wanafunzi arobaini yakalaza themanini, katika mahabusu, katika kambi za wakimbizi, na katika chumba kimoja cha kupanga chenye baba, mama na watoto wanne. Kumwita mgonjwa wa upele mchafu ni kumbebesha yeye lawama ya vitanda ambavyo wengine walishindwa kuvinunua.

Sisemi maji hayana maana. Maji na sabuni husafisha vidonda na kuzuia bakteria kuingia palipokunwa, na kila shule inastahili kuwa nayo ya kutosha. Ninachokataa ni ule utamaduni wa kugeuza hotuba ya usafi kuwa mbadala wa dawa. Hotuba ni rahisi kwa sababu haina gharama kwa anayeitoa.

Kumtambua mgonjwa wa upele hakuhitaji mashine. Mwasho huzidi usiku. Vipele hukaa katikati ya vidole, kwenye viwiko, mikunjo ya kifundo cha mkono, kwapani, kiunoni, matakoni na sehemu za siri. Kwa watoto wachanga huweza kufika hadi kichwani, viganjani na nyayoni. Swali moja humaliza nusu ya kazi ya mtabibu: je, kuna mwingine nyumbani anayejikuna? Jibu likiwa ndiyo, mgonjwa wako ni kaya nzima.

Na tiba ni ya kaya nzima, siku moja, wanaojikuna na wasiojikuna. Krimu ya permethrini ya asilimia 5 hupakwa kuanzia shingoni hadi nyayoni, ikalala mwilini usiku kucha, ikaogwa asubuhi, na kurudiwa baada ya wiki moja. Isipopatikana, kuna losheni ya benzili benzoeti, ile ambayo wengi huijua kwa herufi BBE, ambayo kwa watoto hupunguzwa makali. Au mafuta ya salfa, ambayo ni ya kale lakini bado yanafaa. Nguo na mashuka yafuliwe kwa maji ya moto. Asiye na kuni za kuchemshia maji ayafunge ndani ya mfuko na kuuacha siku tatu nne, maana nje ya mwili wa binadamu mdudu huyu kwa kawaida haishi zaidi ya siku mbili tatu. Tena mgonjwa aambiwe mapema kwamba mwasho unaweza kuendelea wiki mbili au zaidi hata baada ya wadudu kufa. Asipoambiwa, atadhani dawa imeshindwa na kuanza kujipaka mafuta ya taa.

Najua jibu la baadhi ya wasomaji wangu walioko katika ofisi za mipango. Wataniambia kwamba nchi ina malaria, ina kifua kikuu, ina akina mama wanaokufa wakijifungua. Upele haujamuua mtu. Hoja hii inasikika kama busara ya mwenye bajeti finyu, lakini inasimama juu ya kosa. Kila mkwaruzo wa kucha ni mlango. Bakteria aina ya streptokoka huingia hapo, hufanya usaha, na katika baadhi ya watoto huzua uvimbe wa figo unaoweza kuharibu afya zao kwa miaka. Wataalamu wanashuku pia uhusiano wake na homa ya baridi yabisi inayoharibu moyo. Mtoto huyo atakapofikishwa hospitali ya rufaa, miguu imevimba na mkojo una rangi ya chai, jalada lake litaandikwa figo. Hakuna atakayeandika upele. Hivyo ndivyo ugonjwa usioua unavyoua bila kuonekana katika takwimu zenu.

Shirika la Afya Duniani liliuingiza upele katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yasiyopewa kipaumbele mwaka 2017. Linakadiria kuwa wakati wowote ule watu wapatao milioni 200 duniani wanaugua. Mei 2025, Baraza la Afya Duniani lilipitisha azimio la kuyatambua magonjwa ya ngozi kuwa suala la afya ya umma ulimwenguni. Maazimio ya Geneva, tunajua, hayapaki mtu dawa. Lakini yanamwondolea mtumishi wa umma kisingizio cha kwamba jambo hili ni dogo mno kuandikiwa dokezo.

Wala hatukosi ushahidi kwamba linawezekana. Nchini Fiji, watafiti waliwapa watu wa visiwa fulani vidonge vya ivamektini, wote kwa pamoja, wagonjwa na wazima, isipokuwa wale ambao dawa hiyo haiwafai, ambao walipewa krimu. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015, kiwango cha upele kilishuka ndani ya miezi kumi na miwili kutoka asilimia 32 hadi chini ya asilimia 2. Katika visiwa ambako wagonjwa na jamaa zao tu ndio waliotibiwa, kwa utaratibu wa kawaida, upele ulipungua kwa karibu nusu. Na hatuna haja ya kwenda hadi Pasifiki. Zanzibar, ivamektini iligawiwa kwa umma kwa miaka kadhaa katika kampeni ya kutokomeza matende na mabusha. Watafiti walipopitia kumbukumbu za vituo vya afya waligundua kwamba idadi ya waliokuja kutibiwa upele ilikuwa imeporomoka. Hakuna aliyekuwa ameulenga upele. Uliondoka kama mwizi anayekimbia msako wa mwizi mwingine. Kama tuliweza kwa bahati, tunashindwaje kwa makusudi?

Niende kwenye duka la dawa, kwa kuwa hapo ndipo wengi wetu hutibiwa. Mtoto ana mapunye: mabaka ya mviringo kichwani, magamba, nywele zilizokatika. Mama anaingia dukani, anaeleza, anauziwa tyubu ndogo yenye mchanganyiko wa dawa tatu: ya fangasi, ya bakteria na ya steroidi. Makosa hapa ni mawili. La kwanza ni kwamba fangasi wa mapunye amejificha ndani ya unywele na shina lake, mahali ambapo krimu haifiki. Huyu hutibiwa kwa vidonge, kama griseofulvini, kwa wiki sita hadi nane, vikinywewa pamoja na chakula chenye mafuta ili mwili uvifyonze. La pili ni la hatari zaidi. Steroidi hutuliza mwasho na uvimbe kwa haraka, kwa hiyo baka la fangasi wa mwilini hufifia na mama hufurahi. Lakini kinga ya ngozi ndiyo iliyonyamazishwa. Fangasi huendelea kuenea akiwa amevaa sura nyingine, kingo zake zikiwa hazionekani tena, hata daktari akamwona na asimtambue.

Nisieleweke vibaya. Steroidi ni dawa nzuri. Mtoto mwenye ukurutu, ambaye ngozi yake ni kavu na imekakamaa katika mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti, anaihitaji kwa siku chache, ya nguvu ndogo, chini ya usimamizi, pamoja na mafuta ya mgando kila baada ya kuoga na sabuni isiyo kali. Kinachoniudhi ni kuona betamethasoni na klobetasoli, ambayo ni miongoni mwa zenye nguvu kuliko zote, zikiuzwa kama pipi na kuchanganywa ndani ya mkorogo wa kung'arisha uso. Ngozi ya anayezitumia miezi na miezi huwa nyembamba kama karatasi, hupata michirizi isiyofutika, chunusi, na vidonda visivyopona. Mamlaka zipo, orodha za vipodozi vilivyokatazwa zipo, picha za maofisa wakiteketeza makasha ya vipodozi hutolewa magazetini kila baada ya muda. Kisha moto huzimika, na kesho yake tyubu zilezile zimepangwa rafuni. Moto wa kamera haujawahi kuwa sera.

Hata hivyo siwezi kumlaumu muuzaji peke yake, kwa sababu huyo muuzaji, na mara nyingine hata tabibu aliyemtangulia, hakufundishwa kuisoma ngozi anayoiona kila siku. Vitabu vingi vya tiba vinavyotumika katika vyuo vyetu viliandikwa kwa kutazama ngozi nyeupe. Humo mwanafunzi hukaririshwa kwamba uvimbe wa ngozi ni mwekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo mara nyingi huonekana zambarau, kijivu, au weusi uliozidi weusi wa kawaida. Na ugonjwa ukipona huacha doa jeusi au jeupe la miezi mingi ambalo mgonjwa hulidhania kuwa ndio ugonjwa wenyewe, akaenda kulichubua. Mwaka 2020, Malone Mukwende, kijana mwenye asili ya Zimbabwe aliyekuwa bado mwanafunzi wa udaktari jijini London, alishirikiana na walimu wake kutoa kijitabu kinachoonyesha dalili za magonjwa kwenye ngozi nyeusi, baada ya kuona kwamba darasani hazionyeshwi. Nilipolisikia jambo hilo nilifurahi, kisha nikaona haya. Kwamba pengo hilo lizibwe na mwanafunzi huko London, ilhali sisi tumezungukwa na ngozi hiyo tangu kuzaliwa, ni fedheha yetu wahadhiri.

Tena maarifa hayako mbali. Tangu mwaka 1992 pale Moshi, katika hospitali ya KCMC, kipo kituo cha kanda cha mafunzo ya tiba ya ngozi kinachowaandaa matabibu na wauguzi kutoka nchi mbalimbali za Afrika kuwa wataalamu wa ngozi wanaoweza kuhudumu mbali na miji mikubwa. Hapohapo KCMC hutengenezwa mafuta ya kuwakinga na jua watu wenye ualbino, ambao bila kinga hiyo saratani ya ngozi huwawahi wakiwa bado vijana. Kwao mafuta hayo ni dawa, kama insulini ilivyo dawa kwa mwenye kisukari. Mtoto mwenye ualbino anayekaa dawati la dirishani bila kofia wala mikono mirefu, kwa sababu sare ya shule haikumfikiria, anahukumiwa taratibu na waraka ambao mtu fulani ofisini angeweza kuubadilisha kwa nusu ukurasa.

Nimesema mengi kuhusu kinachowasha. Nimalizie ugonjwa usiowasha, maana huo ndio unaonitia hofu kubwa zaidi. Baka lililofifia rangi, lisilowasha, lisilouma, ambalo ukiligusa kwa pamba mwenye nalo akiwa amefumba macho hahisi kitu, linaweza kuwa ukoma. Wengi hudhani ukoma ni habari ya vitabu vya dini. Tanzania kwa miaka mingi imekuwa miongoni mwa nchi zinazoripoti wagonjwa wapya zaidi ya elfu moja kwa mwaka. Unatibika kabisa, kwa dawa za mseto zinazotolewa bure, kwa miezi sita au kumi na miwili kulingana na aina yake, na mgonjwa aliyeanza dawa huacha kuambukiza mapema. Anayechelewa hupoteza hisi za mikono na miguu, kisha vidole. Na kwa nini achelewe? Kwa sababu alifundishwa mapema, pengine kwenye mstari wa shule kama ule wetu, kwamba ugonjwa wa ngozi ni aibu ya kufichwa. Tukimdhalilisha mtoto kwa upele tunamfundisha mtu mzima kuficha ukoma. Vivyo hivyo kwa mkanda wa jeshi, yale malengelenge yenye maumivu makali yanayofuata upande mmoja wa mwili: kwa kijana yanapaswa kuwa sababu ya kushauriwa apime Virusi vya UKIMWI, lakini yeye huvaa shati refu na kungoja yakauke.

Ninadai nini basi? Mkurugenzi wa halmashauri na mganga mkuu wa wilaya wahakikishe kwamba dawa ya upele haikosekani zahanati, na inatolewa kwa hesabu ya watu wa kaya, siyo chupa moja kwa aliyekuja. Wizara itoe mwongozo kwa shule zote za bweni wenye mambo mawili tu: anayegundulika na upele asidhalilishwe wala kufukuzwa, na bweni lake lote litibiwe siku ileile. Mahali ambapo upele umefikia mtu mmoja kati ya kumi, ambacho ndicho kiwango ambacho wataalamu wa Shirika la Afya Duniani wamekitaja, tutumie uzoefu wa kampeni za matende na kutibu jamii nzima. Steroidi kali zisiuzwe bila cheti cha daktari, na ukaguzi wake uwe wa kila wiki, usiongoje kamera. Vyuo vya afya, changu kikiwemo, vianze mwaka ujao wa masomo kufundisha kwa picha za wagonjwa wetu, kwa idhini yao na kwa kuwasitiri.

Kwa wanafunzi wangu na wanaharakati nina ombi dogo zaidi. Mkisikia shule imewafukuza watoto wenye upele, nendeni mkamuulize mkuu wa shule kwa adabu: bweni lina vitanda vingapi, lina wanafunzi wangapi, na siku ya tiba walitibiwa wangapi? Yaandikeni majibu hayo matatu, myapeleke kwa ofisa elimu na kwa mganga mkuu wa wilaya, na mbaki na nakala. Wale kumi na mmoja wa kidato cha pili hawakuwa na wa kuwaulizia. Mmoja wao hakurudi shuleni baada ya likizo, na hadi leo sijui kama alipata dawa.